Sura ya Saba: Paa na Kibali

Mnamo Agosti 2010, miezi michache kabla ya Wasudani Kusini kupiga kura ya kujitenga, maofisa wa serikali mjini Juba walitangaza ramani ya mji mpya. Mji huo ulikuwa na umbo la kifaru. Barabara zilichora pembe, mgongo na miguu, na ofisi ya rais ilipangiwa mahali pa jicho. Wau ungejengwa upya kwa umbo la twiga, na Yambio, mji wa matunda, ungekuwa nanasi. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 10, wakati bajeti ya serikali hiyo kwa mwaka mzima ilikuwa karibu dola bilioni 2.

Kifaru hakupata hata unyayo mmoja. Septemba 2011, nchi ikiwa haijatimiza miezi miwili tangu uhuru, baraza la mawaziri liliamua makao makuu yahamie Ramciel, katikati ya nchi. Serikali ingali Juba. Na muda wote huo wa kuchora na kufuta, Soko la Konyo Konyo lilikuwa likiuza nyanya.

Sura hii inahusu jengo ambalo Juba haijalipata: lile jengo la maduka analolijua msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, lenye maegesho mbele, supamaketi kubwa chini, benki, duka la simu, sinema juu, na mlinzi wa kukagua mikoba mlangoni. Juba ina supamaketi. Ina majengo ya ghorofa yenye maduka chini na ofisi juu, na UAP Equatoria Tower, jengo refu kuliko yote mjini, linaonekana kutoka mbali. Lakini jengo la maduka la ukubwa wa Sarit Centre au Mlimani City haina, ingawa ni mji mkuu wa nchi ya mafuta. Wageni huliona hilo kuwa dalili ya kuchelewa. Mimi naliona kuwa hesabu nzuri iliyopigwa na wafanyabiashara wanaoujua mji wao.

Mtindo wenyewe si wa zamani. Southdale Center, iliyochorwa na Victor Gruen, mhamiaji kutoka Vienna, ilifunguliwa Edina, Minnesota, Oktoba 1956. Ndilo jengo la kwanza la maduka la kitongoji lililofunikwa lote kwa paa moja, lenye joto wakati wa theluji na baridi wakati wa joto. Gruen alitamani kuwapa watu wa vitongoji vya Marekani uwanja wa mji kama wa kwao Vienna. Uzeeni aliyakana majengo yaliyomwiga. Afrika Mashariki ilisubiri hadi 1983, pale Maneklal Rughani na Vidhu Shah, wafanyabiashara wa vitabu waliokuwa wakiendesha Text Book Centre, walipofungua Sarit Centre huko Westlands, Nairobi. Mei ya mwaka huohuo askari wa kikosi cha 105 waliasi huko Bor, na Sudan ikaingia katika vita vya miaka 22. Nairobi ilipokuwa ikijifunza kupanda ngazi za umeme, Juba ilikuwa ikijifunza kupanga foleni ya chakula kilicholetwa kwa ndege.

Ila vita peke yake havitoshi kueleza. Biashara ya Juba ina desturi ya zamani kuliko vita: anayeuza chini ya paa huhitaji kibali cha mtawala, na anayeuza chini kwenye mkeka huhitaji wateja tu. Ukiifuata desturi hiyo tangu mwanzo, mengi yanaeleweka.

Mwanzo wenyewe ni ng'ambo ya mto. Kabla ya kuwapo Juba kulikuwa na Gondokoro, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Nile. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Khartoum walipanda mto kutafuta pembe za ndovu, kisha wakageukia watu. Walijenga zariba, yaani maboma ya miiba yenye ghala ndani na bunduki mlangoni. Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kwanza pa biashara penye ukuta na walinzi katika nchi hiyo, na sifa yake ilikuwa mbaya kuliko ya soko lolote litakalotajwa hapa.

Juba yenyewe ni mji mchanga. Ulikua miaka ya 1920 karibu na shule ya wamisheni, kwenye ardhi ya Wabari, na ilipofika 1930 ulikuwa umechukua nafasi ya Mongalla kama makao ya jimbo. Waingereza hawakuacha biashara ijipange yenyewe. Sheria ya vibali ya 1922 na amri ya biashara ya 1925 zilimlazimu mfanyabiashara wa kaskazini, jalaba kama anavyoitwa, kuomba ruhusa kabla ya kufungua duka kusini. Januari 1930 Harold MacMichael, katibu wa utawala mjini Khartoum, aliandika waraka ulioifanya hiyo kuwa sera kamili: Kusini ijengwe kando na Kaskazini, Kiarabu kizuiwe, na maduka yaendeshwe kadiri iwezekanavyo na Wagiriki na Washami badala ya jalaba.

Kwa hiyo duka la kwanza la maana Juba lilikuwa la Mgiriki. Wagiriki hawakuwa wengi, hata walipozidi kabisa hawakupita watu 2,000. Lakini walijenga kwa mawe, wakaweka baraza pana mbele na ghala nyuma, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa zamani ni kazi yao. Baadhi ya kuta zao zilikuja kuwa benki. Ghala moja limegeuka kuwa mkahawa wenye bustani, ambamo wafanyakazi wa mashirika ya misaada hula nyama choma penye vivuli vya miti mizee. Ukitaka kuona jinsi jengo la maduka la Juba lingeweza kuwa, nenda pale: ukuta mnene, dari ndefu, upepo unaopita wenyewe bila jenereta.

Sera ya kuitenga Kusini iliachwa mwaka 1946, na Mkutano wa Juba wa Juni 1947 ukathibitisha kwamba Kusini na Kaskazini zingeongozwa pamoja. Jalaba wakarudi, safari hii wao wakiwa ndio wenye kibali. Wagiriki wakapungua mmoja mmoja kadiri vita vilivyofuatana, na maduka yakabadilisha majina. Mwenye nyumba mpya alikuwa na wakubwa Khartoum kama vile yule wa zamani alivyokuwa na gavana. Paa lilibaki lilelile.

Kwenye mkeka mambo yalikwenda tofauti. Malakia, mtaa unaopakana na Konyo Konyo, ulianza kama makazi ya askari wastaafu na familia zao, watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na Kiarabu cha Juba. Msomaji wa Kenya na Uganda ana jamaa hapo bila kujua. Wanubi wa Kibera na wa Bombo ni uzao wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, na Kinubi chao kinasikilizana na lugha ya soko hilo hadi leo. Mzee wa Kibera akishushwa Malakia atanunua sukari bila mkalimani.

Vita vilivyoanza 1983 viliugeuza mji kuwa kambi. Jeshi la Khartoum lilishika Juba muda wote, SPLA, jeshi la waasi wa Kusini, ikashika mashamba yaliyouzunguka, na katikati ya mwaka 1992 nusura mji uangukie mikononi mwa waasi. Barabara ya Uganda ilifungwa na kutegwa mabomu. Bidhaa zilikuja kwa ndege au kwa majahazi ya chuma yaliyovutwa kutoka Kosti, na mwenye nafasi kwenye ndege ya jeshi ndiye aliyekuwa na duka. Hakuna namna ya kukithibitisha kibali zaidi ya hiyo.

Kisha ikaja Januari 9, 2005. Mkataba wa Amani kati ya Khartoum na waasi ulitiwa saini Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha Juba ilikuwa imepokea wageni wengi kuliko vitanda. Mashirika yalihitaji pa kulala, kwa hiyo wawekezaji wa Kenya, Uganda na kwingineko wakakodi kingo za Nile na kusimika mahema. Hema lilitozwa zaidi ya dola 100 kwa usiku, choo nje. Baadaye likaja kontena, na kontena ndilo lililoijenga Juba ya amani. Lilikuja na mzigo kutoka Mombasa, likateremshwa na kreni, likatobolewa dirisha, likawekewa kiyoyozi, na wiki hiyohiyo likawa chumba cha hoteli, ofisi, duka la vipuri au kibanda cha kubadilisha fedha. KCB ilifika 2006, Equity ikafuata 2009. Supamaketi za kwanza, kama JIT, ziliuza jibini na nafaka za boksi kwa bei iliyomfanya hata mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa asome kibandiko mara mbili.

Tuliangalie kontena hilo kwa karibu. Halihitaji msingi, maana linakaa juu ya mawe manne. Mwenye kiwanja akigeuka, au ikitokea hati ya pili ya kiwanja hichohicho, lori linakuja usiku na asubuhi duka lipo mtaa mwingine. Kufuli ni la chuma, ukuta ni wa chuma, na mwizi anahitaji gesi ya kuchomelea. Ni joto kama tanuri, kweli, na mvua ikinyesha huwezi kusikia simu. Lakini hakuna jengo jingine ambalo mfanyabiashara wa Juba angeweza kuondoka nalo.

Kuondoka ndilo neno lenyewe. Jengo la maduka husimama juu ya vitu vitatu visivyoonekana: hati ya ardhi ambayo haitapingwa, mkopo wa miaka 15 au 20, na fedha ambayo kwayo kodi ya pango ya mwaka wa kumi bado itakuwa na maana. Mlimani City ilifunguliwa 2006 kwa sababu mwekezaji kutoka Botswana alipata ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkataba wa muda mrefu, na benki zikaukubali mkataba huo. Juba, miaka hiyohiyo ya matumaini, kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na ufa.

Ardhi kwanza. Wakati wa vita SPLM, chama cha waasi, iliwaahidi watu kwamba ardhi ni mali ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya 2009 ikaigawa katika ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Mgeni hawezi kuimiliki; anaruhusiwa kukodi, hadi miaka 99. Kwenye karatasi inapendeza. Mitaani, Juba ilikuwa ikitanuka kwenda Gudele, Munuki, Jebel, na ng'ambo ya daraja hadi Gumbo na Sherikat, ikila vijiji vya Wabari ambao hawakuwa wameulizwa vya kutosha, huku wanajeshi waliorudi wakijitwalia viwanja kwa kuweka vigingi. Kiwanja kimoja kingeweza kuwa na mwenye hati, mwenye barua ya mzee wa mtaa, na mwenye bunduki. Benki gani itakopesha juu ya hapo?

Mkopo nao. Nile Commercial Bank, benki ya wenyeji waliyojivunia, ilikaukiwa fedha mwaka 2009 baada ya mikopo iliyotolewa kwa watu wenye vyeo kutorudishwa. Benki za Kenya zilikuwa salama zaidi kwa sababu zilifanya kazi rahisi: kupokea mishahara, kutuma fedha Nairobi, kuuza dola. Mkopo wa kujenga ulikuwa wa wachache.

Halafu sarafu. Pauni ya Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011, noti yake kubwa ikiwa ya 100, yenye thamani ya zaidi ya dola 30 kwa bei ya benki. Januari 2012 serikali ilifunga visima vya mafuta kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, na karibu mapato yake yote yakakatika kwa zaidi ya mwaka. Desemba 15, 2013 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza palepale Juba. Miaka miwili baadaye, Desemba 2015, Benki Kuu iliacha kuishikilia pauni, na kwa siku moja dola ikatoka pauni 2.96 hadi karibu 18.5. Mwaka 2024, bomba la mafuta lilipopasuka upande wa Sudan, dola ilikuwa zaidi ya pauni 1,000 hata kwa bei ya serikali. Ile noti ya 100 ilikuwa imefika chini ya senti 10 za Marekani.

Waliojenga kwa tofali na chuma ndio walioumia zaidi. Kiwanda cha bia cha SABMiller, kilichofunguliwa Juba 2009 na kutengeneza White Bull, kilizimwa 2016 kwa sababu hakikuweza kupata dola za kununua malighafi. Mauzo yalikuwapo, wanywaji walilipa kwa pauni, na shayiri hainunuliwi kwa pauni. Jengo la maduka lingekufa hivyohivyo: wapangaji wakilipa pauni, mkopo ukidai dola.

Sasa mlinganishe na muuza nyanya wa Konyo Konyo. Wengi wao hupata mzigo kutoka Uganda, kupitia barabara ya Nimule yenye kilomita 192, iliyowekwa lami kwa fedha za Marekani na kufunguliwa Septemba 2012. Lori linafika alfajiri. Makasha yanateremshwa na vijana, akina mama wanayagawana kwa kupigiana kelele, na kufikia saa tatu asubuhi nyanya zimepangwa mafungu ya tanotano juu ya magunia, zilizopondeka zikitengwa kwa wenye mikahawa. Kando yake kuna samaki wakavu wa Nile, unga wa mahindi, dengu, mitumba, sabuni za vipande, betri. Lugha zinapishana: Kiarabu cha Juba kwa bei, Kiganda kwa matani, Kiswahili kwa Mkenya na Mkongomani na dereva wa lori. Mteja anauliza "Bikam?", yaani bei gani, anajibiwa, analalamika kwa Kiswahili, "Mama, punguza kidogo," na mama anaelewa vizuri sana ila hapunguzi. Jioni fedha za mauzo zinageuzwa dola kabla hazijalala. Mtaji wa mama huyo unazunguka kwa wiki. Pauni ikianguka Jumatano, yeye alishanunua dola Jumanne, na Alhamisi fungu la nyanya tano linakuwa fungu la nyanya nne.

Huo si ushamba. Ni ustadi mkubwa kuliko wa mhasibu wa supamaketi anayebandika bei mpya juu ya ya jana.

Lakini nisiupambe mkeka. Soko la mbao na turubai huungua, na bima hakuna. Mvua za Agosti huligeuza kuwa tope. Umeme ulikuwa wa jenereta kwa miaka mingi hadi kituo cha megawati 33 cha kampuni ya Ezra kilipozinduliwa Novemba 2019, na hata hapo nyaya hazikumfikia kila mmoja. Na kibali, ambacho nimesema ni cha wenye paa, kina njia ya kumfikia pia mgeni aliye kwenye mkeka. Septemba 2014 serikali ilitoa amri kwamba kazi nyingi za wageni zipewe wenyeji ndani ya mwezi mmoja. Iliirudisha nyuma baada ya siku chache, ila kila Mganda na Mkenya mjini alikuwa ameshaisikia. Julai 2016, mapigano yalipolipuka tena, maduka yaliporwa pamoja na ghala kuu la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo lilipoteza zaidi ya tani 4,500 za chakula. Jeshi la Uganda lilituma msafara kuwachukua raia wake, na barabara ileile iliyoleta nyanya ikawarudisha wachuuzi wakiwa mikono mitupu. Ajabu ni jinsi walivyorudi tena, wengi kabla ya kulipa deni la nauli.

Mwaka huohuo wa 2016 Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchuuzi kutoka Arua au Kitale aliambiwa kwamba sasa yuko nyumbani. Kwenye vizuizi vya Nimule bado hulipa kama mgeni.

Tukio la Januari 2025 ndilo linaloonyesha jinsi desturi hiyo ilivyo na mizizi. Habari na picha za Wasudani Kusini waliouawa Wad Madani, Sudan, zilipoenea, vijana wenye hasira mjini Juba waliyavamia maduka ya Wasudani, warithi wa jalaba wa zamani. Watu 16 raia wa Sudan waliuawa nchini, na Januari 17 serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Wengi waliovamiwa walikuwa wenyewe wamekimbia vita vya Khartoum. Miaka 100 baada ya amri ya vibali ya 1925, swali lilikuwa lilelile: nani ana ruhusa ya kuwa na duka hapa?

Najua atakayesema kwamba majengo ya maduka ya majirani nayo si ya kuonewa wivu, na ana haki. Westgate ya Nairobi iliwapoteza watu 67 katika shambulio la Septemba 2013. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne na iliyoyabeba majengo mengi ya aina hiyo, ilizama kwenye madeni hadi wadai wake walipopiga kura Januari 2020 ifungwe. Shoprite ilitoka Tanzania, kisha Uganda. Paa kubwa hubomoka pia pasipokuwa na risasi. Tofauti ni kwamba Nairobi, Nakumatt ilipoondoka, Carrefour na Naivas waliingia kwenye nafasi ileile, kwa sababu ukuta ulikuwa na mwenyewe anayejulikana na mahakama ya kumlinda. Hilo ndilo Juba inalolikosa, na haliletwi na kreni.

Kwa hiyo, kwa wakubwa wa Juba na wa jimbo la Central Equatoria ambao bado wanapenda ramani za kupendeza, ombi langu ni dogo kuliko kifaru. Chimbeni mitaro Konyo Konyo kabla ya mvua. Wekeni bomba la maji na nafasi ya gari la zimamoto kupita. Mpeni kila mwenye meza mkataba wa maandishi wa miaka 10, awe Mbari, Mdinka, Mganda au Msudani, wenye jina lake, namba ya meza yake na kiasi cha ushuru anachodaiwa, alipe mara moja kwa mamlaka moja apewe risiti moja. Mkishaweza kuulinda mkataba huo kwa miaka 10 bila mtu mwenye vyeo kuuchana, wawekezaji wa jengo la maduka watakuja wenyewe, na wa kwanza wao huenda akawa muuza nyanya.